Magoli ya Salumu Shoto

Wiki iliyopita nilimfungulia mjukuu wangu shati jipya la Kipaimara. Nilitoa pini moja baada ya nyingine, nikakunjua mikono, na mwishowe ikateleza mapajani kwangu ile kadibodi nyeupe inayowekwa mgongoni ili shati lisijikunje. Nikaipeleka puani. Ilinukia wanga wa nguo, pamba mpya na gundi, harufu ileile. Kijana alikuwa anajitazama kwenye kioo, akaniona.

"Bibi, unanusa nini?"

"Nanusa mpira," nikamwambia.

Alicheka, akaenda kuwaonyesha wenzake shati. Mimi nikabaki nimekaa kitandani na kadibodi yangu.

Ngoja niwaeleze. Katika miaka ile ya hamsini, nilipokuwa na miaka minane, tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi. Tatu pale Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Baba yangu alikuwa karani wa stoo katika duka la jumla la nguo huko Mchafukoge. Sisi ni Wachaga wa Marangu, na mtaani kwetu wakati ule Wachaga tulikuwa wa kuhesabika. Watoto wa uani waliiga nilivyotamka maneno, wakacheka mpaka wakakaa chini, nami kwa kiburi nilichorithi kwa bibi yangu nikaamua kutosema nao neno. Sikuona hasara yoyote. Nilikuwa na mama wa kuongea naye, na mama alikuwa haishiwi maneno. Angeweza kukusimulia jinsi kuku alivyovuka njia ukasahau kwamba hujala.

Kisha siku moja nikarudi kutoka shule, nikakuta kitanda kimetandikwa kwa namna ya baba, yaani vibaya. Baba akaniambia mama amekwenda mlimani kumuuguza bibi.

"Ameondoka bila kuniaga?"

"Basi liliondoka asubuhi," alisema, na macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

Nawaambia kweli, nilijiona nimetupwa. Kanga yake moja ilibaki imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, nikawa naingiza uso humo kila nikirudi shule, mpaka siku harufu yake ilipokwisha ikabaki harufu ya mlango. Baba alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mtu wa maneno machache. Tulikula tukisikilizana tunavyotafuna. Uani watoto walikuwa wanaruka kamba na kuimba, na mimi nilikaa kizingitini nikijifanya nasoma. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama arudi.

Mambo ya mpira yaliingia kwa mlango wa kriketi. Siku za Jumamosi nilikuwa namsubiri baba kwenye ngazi za duka mpaka afunge stoo saa saba mchana, na hapo juu ndipo walipokuwa wanakaa wenye duka. Binti yao, Nirmala, alikuwa rika langu. Mjomba wake alimletea kutoka Uingereza kadi za wachezaji wa kriketi, naye alizihifadhi ndani ya kopo la biskuti. Mbele ya kila kadi kulikuwa na picha ya mchezaji amevaa nyeupe, na nyuma yalikuwa yameandikwa mambo yake makubwa: siku aliyopiga hivi, mwaka aliowashinda hawa. Nirmala alinisomea akiwa ameinua kidevu kama mwalimu mkuu. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe, wa kwako nani?"

Sikuwa na wa kwangu. Swali lile nilitembea nalo njia nzima kurudi nyumbani, na baba alipouliza nina nini, nikalia mpaka kwikwi.

Jumatatu baba alikuja na kadibodi tatu za mashati yaliyofunguliwa dukani ili wateja wayaone. Akachukua mkasi wa Bi. Tatu, akazikata vipande vidogo sawasawa, maana ukarani haukumtoka hata nyumbani. "Chora wa kwako," akasema.

Nikachora wachezaji wa timu ya mtaa wetu. Sikuwa nimewahi kuwaona, kwa sababu baba alisema uwanjani si mahali pa mtoto wa kike, lakini majina yao yalikuwa mdomoni mwa kila mtu Kariakoo. Rangi niliyokuwa nayo ni buluu ya kufulia ya Bi. Tatu tu, kwa hiyo wote walivaa buluu, na mmoja nilimkosea nikamchovya mpaka nywele. Mkubwa wao alikuwa Salumu Shoto, winga wa kushoto. Huyo nilimchora mara tatu ndipo nikaridhika na mguu.

Yakabaki maandishi ya nyuma. Hapo baba akanishangaza. Jumamosi ile baada ya chakula alivaa viatu vyake vya kanisani, akasema anakwenda mpirani. Alirudi karibu na magharibi, akakaa kitandani, akaanza kufungua kamba za viatu, na huku ameinama akasema, "Andika."

Nikaandika. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kawaida yetu, kila Jumamosi mchezaji mmoja na jambo lake. Na yalikuwa mambo! Salumu Shoto aliupitisha mpira katikati ya mabeki taratibu kama unavyofungulia maji ya mfereji yaingie migombani, hakuna aliyeshtuka mpaka ulipofika. Kipa wetu alidaka mpira tumboni kwa mikono miwili, kama mwanamke anayepokea mkungu wa ndizi usiguse chini. Kipa wa wapinzani alilia, Salumu akamfuta machozi kwa jezi yake, kisha akamfunga tena. Baba alisema haya yote polepole, neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua. Chumba kilijaa watu. Kwa nusu saa nilisahau kanga ya msumarini.

Baba alikuwa anarudi akinuka finaili, ile dawa nyeusi ya kuoshea sakafu. Kwa miaka mingi niliamini viwanja vya mpira hunuka hivyo.

Sijui nilipata wapi wazo hili, lakini nilijiambia kwamba kadi zikitimia kumi na moja mama atarudi. Timu ikikamilika, atakuja. Nilimwambia baba. Aliacha kukoroga chai. Zilipotimia kumi na moja na mama hakuja, nilizipanga sakafuni safu kwa safu, nikamtazama baba. Alikohoa kidogo, akasema, "Timu ina wachezaji wa akiba pia, Aika."

Siku moja Bi. Tatu akanituma sokoni nikachukue nazi mbili. "Nenda kwa Salumu, yule wa banda la mwisho. Mwambie asinipe koroma, nataka zilizokomaa."

"Salumu gani?"

"Salumu Shoto, mwanangu. Kwani wako wangapi?"

Nilikimbia chumbani kuchukua kadi yake. Sokoni nikamkuta mtu mfupi kuliko nilivyomchora, amekaa juu ya gunia, anagonga nazi na kusikiliza. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Nani kakutuma nazi?"

Nilimpa kadi. Aliigeuza, akasoma nyuma, midomo ikitembea. Kisha akacheka mpaka mwenzake wa banda la pili akaja kutazama.

"Nimfute machozi nani, mimi? Yule kipa ningemtia mchanga!" Halafu akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Nani kakuambia haya?"

"Baba yangu. Anakuja kukutazama kila Jumamosi. Juzi ulifunga mawili."

Salumu akakunja suruali yake ya kushoto. Kifundo cha mguu kilikuwa kimefungwa kitambaa, kimevimba kama boga. "Mwanangu, mimi sijagusa mpira mwezi wa tatu huu. Muulize yeyote hapa."

Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Nikahisi masikio yanawaka moto. Salumu alinirudishia kadi kwa mikono miwili. "Usiyafute lakini," akasema. "Yale mawili ya juzi ni mazuri. Niachie tu."

Nilirudi na nazi bila kuona njia. Kilichoniumiza si magoli. Kama baba alikuwa anadanganya kuhusu Salumu, basi bibi anauguzwa na nani? Labda mama alikuwa ametukimbia na hatarudi tena. Sikuthubutu kuuliza, kwa kuogopa nisije nikajibiwa.

Jumamosi baba aliporudi, akakaa, akainamia viatu, akasema, "Andika."

"Salumu ana mguu mbovu," nikasema. "Hachezi."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. Nilitegemea kofi. Badala yake akasema kwa sauti ndogo, "Lakini hili ni goli zuri sana, Aika."

"Sitaki."

Wiki iliyofuata alijaribu tena. "Leo lipo moja la mvua."

"Sitaki kusikia." Nikaziba masikio kwa vidole, nikaugeukia ukuta. Alijaribu Jumamosi nyingi, kisha akawa anafungua mdomo na kuufunga. Mvua za masika zilinyesha zikaisha, naye aliendelea kuondoka na viatu vyake vya kanisani na kurudi na finaili yake, na mimi sikuandika hata neno moja. Sijawahi kuwa mpweke kama miezi ile, na sehemu kubwa nilijitakia mwenyewe.

Halafu mama akarudi. Alishuka kwenye teksi, amekonda, macho makubwa, na hakuwa na hata kidole kimoja cha ndizi. Nililiona hilo mara moja, kwa kuwa mtu wa kwetu hatoki mlimani mikono mitupu. Nilimwamkia kama mgeni. Alitaka kunikumbatia, nikasimama kama mlingoti.

Jioni yake aliomba aone kadi. Mama hakujua kusoma, hakuwahi kupelekwa shule. Alizipanga kitandani, akazipapasa zile jezi za buluu. "Shoto ni yupi?" Nikamwonyesha. Akaigeuza, akatazama mistari yangu ya penseli ambayo kwake ilikuwa michirizi tu.

"Lile goli la mvua umeliandika wapi?"

"Lipi?"

"Lile ambalo mpira ulikwama kwenye tope mbele ya goli, wote wakasimama wanautazama, hakuna anayetaka kuchafuka. Shoto akaja anachechemea, akaupiga kwa mguu ule mbovu, ili nao usijione hauna kazi."

"Halimo," nikasema. "Alikuwa anaumwa. Hakucheza."

Mama akamtazama baba. Baba alikuwa anasukuma pampu ya jiko la stovu kwa bidii, ingawa jiko lilikuwa limekwisha kuwaka. Mama alizikusanya kadi moja moja, akazirudisha kwenye kopo nililozihifadhia, akalifunga kwa kiganja. Mimi nilijisikia nimeshinda.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanilea, akaniozesha, akawabeba wanangu mgongoni, na hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja. Siku ya pili baada ya kumzika, baba, aliyekuwa mzee sana, ndiye aliyeniambia. Mama hakwenda mlimani. Alikuwa wodi ya kifua kikuu, mwendo wa dakika chache kwa basi kutoka kwetu. Watoto hawakuruhusiwa, na baba aliogopa wapangaji wakijua watatufukuza, kwa hiyo akanificha na mimi. Kila Jumamosi alikwenda kumwona.

"Na magoli?" nikamuuliza.

"Mimi nilijua mpira wapi?" akasema. "Nilimpelekea majina, basi. Nikifika alikuwa ameshalitunga, ananingoja. Alinifanya nilirudie mara mbili mara tatu mpaka nilishike, nisiliharibu njiani."

"Na nilipokataa?"

"Nilimwambia Shoto ameumia mguu. Hilo la kukataa sikumwambia. Nilimwambia unaandika. Ningemwambiaje?"

Kwa hiyo mama alilala wodini miezi ile akitunga, akiamini mwanawe anayaandika yote. Aligundua jioni ile ya kadi, mbele yangu, na mimi nikajisikia nimeshinda. Nilimwomba baba anikumbushe yale yaliyobaki. Aliweza kulisema moja la kichwa, na la pili akalifikisha nusu, akasahau lilivyoishia.

Ndiyo maana wiki iliyopita niliichukua ile kadibodi ya Kipaimara nikaikata. Buluu ya kufulia siku hizi haipatikani, nikatumia kalamu za mjukuu wangu. Nilichora mtu mfupi mwenye kifundo kilichovimba, na nyuma nikaandika goli la mvua, lote, kama mama alivyolisema. Mjukuu alirudi akanikuta, akaisoma.

"Huyu alifunga hivi kweli, Bibi?"

"Huyu alikuwa anauza nazi," nikamwambia. "Goli ni la mama yangu."