Mama yangu adui wa pombe alivyowekewa pombe moyoni

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. Haya yametokea nyumbani kwetu, sina sababu ya kuwapiga fix.

Nauza spea za malori hapa Tunduma. Mama yuko Mlowo, analima kahawa na ni mzee wa kanisa. Yeye na pombe ni paka na panya. Mzee wangu komoni yake, pombe yetu ya kienyeji, anainywea nyuma ya ghala.

Mwaka jana mama akaanza kuishiwa pumzi akipanda mlima kwenda shambani. Siku moja akazimia katikati ya mibuni. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Tukampeleka hospitali Dar, wakampima ultrasound ya moyo. Kumbe ukuta wa katikati ya moyo umenenepa, unabana njia ya damu. Daktari akasema watapitisha mrija mwembamba, katheta, kwenye mshipa hadi moyoni, wadondoshe alkoholi kidogo iue nyama iliyozidi.

Mama akauliza alkoholi ndiyo nini.

Mimi na kiherehere changu: "Pombe mama, tena ile kali kabisa."

Akajifunga kanga, akasema turudi Mlowo, bora afe msafi.

Nikachanganyikiwa. Nikampigia mchungaji, akacheka kwanza (bado sijamsamehe), kisha akambembeleza. Wapi!

Kilichomlegeza ni daktari kumgeuzia skrini. Akauona moyo wake unavyohangaika kusukuma damu. Akatoa sharti: "Iende hapo palipobana tu. Kwingine lisiguse hata tone."

Na ndivyo wanavyofanya! Kwanza wanapitisha dawa yenye viputo, ultrasound inaonyesha mshipa huo unalisha wapi. Mshipa wa kwanza haukuwa wenyewe, wakahamia mwingine, hapo ndipo wakaidondosha alkoholi. Mama yuko macho, anawasimamia kama kamati ya ujenzi. Daktari alitoka anacheka.

Sasa hivi anapanda mlima wa shamba anaimba, sisi tunahema nyuma.

Wakuu, mzazi akianza kuhema ovyo msiseme ni uzee, mpelekeni akapimwe moyo. Na kama una mama mbishi kuliko wangu, mlete hapa tumjue.

Mzee naye hajakoma. Juzi kashika kifua, anasema hata moyo wake umenenepa, aletewe komoni.

Mama wala hakuinua macho kwenye mchele anaochambua: "Sawa, Baba Eliya. Kwanza upigwe ultrasound, tuone inatakiwa iende wapi."