Mkato Chini ya Sikio

Miaka kumi na minane nanyoa watu hapa Malindi, na sifa yangu mjini ilikuwa moja: yule hakati mtu. Nilijisifu mno, Mungu anisamehe. Mteja akinibishia bei nilimwambia nenda basi kwa wale wa stendi ukachunwe.

Mzee mmoja mkulima wa Sabaki alikuja kwangu kila Jumatano. Alipenda utani. Akiketi tu: "Fundi, leo usinipunguze sikio, mke wangu alinikubali nikiwa nayo mawili." Mwaka ule macho yake yaligeuka manjano, na tumbo likawa linamtangulia mlangoni. Ini, alisema. Hakuficha.

Jumatano moja alikuja shavu limevimba kwa jino. "Kesho nang'olewa," akaniambia, wembe uko shingoni tayari. "Lakini huyu daktari wa meno ana maswali! Eti mwenye ini bovu damu yake hukawia kuganda. Kesho ataniuliza: ukikatika, damu inakaa muda gani kabla ya kuganda? Ikiwa inakawia, hanigusi, niende hospitali kubwa Kilifi nikatayarishwe kwanza."

"Na inakawia?"

"Nitajuaje? Sijakatika siku nyingi. Nikinyolewa na wewe nitakatika wapi?"

Nikacheka kwa majivuno, na katika kucheka kule mkono ukateleza.

Ulikuwa mkato mdogo chini ya sikio, kama punje ya mchele. Nikabandika pamba, ikalowa. Nikasugua jiwe la shabu, ambalo hukausha mkato kabla hujamaliza kusema bismillahi. Damu ikapita. Pamba ya pili, ya tatu, ya nne. Watu watatu waliokuwa kwenye benchi waliacha habari za mpira wakawa wananitazama. Wallahi, sikufikiria ini la mzee wala jino lake. Nilifikiria wale watatu na midomo yao.

"Imezidi, fundi?" akauliza.

"Hamna kitu, mzee. Wembe mpya huu, mkali. Hata mimi ningetoka damu hivi hivi."

Nilisema kwa sauti, benchi lisikie. Nilijua ni uongo. Mara ngapi nimejikata mwenyewe nikinyoa ndevu zangu, na shabu haijapata kushindwa. Mzee alikaa kitini mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, ndipo ikakauka. Akanipa mkono, akaondoka.

Alhamisi jino likang'olewa. Ijumaa wakamkimbiza Kilifi, kinywa bado kinatoka damu. Jumatatu nikaambiwa amezikwa.

Tangu hapo Jumatano sina raha. Nikiwa namnyoa mtu mwingine kabisa, namsikia mzee nyuma yangu: imezidi, fundi? Nageuka, hakuna mtu. Zile pamba nilizitupa kwa mkono wangu mwenyewe, na bado kila nikifungua debe la taka nachungulia kwanza. Naogopa. Mtu mzima mimi, naogopa debe.

Matanga yalipokwisha mkewe akaja. Wanawake hawaingii kwangu, kwa hivyo alisimama mlangoni na leso yake begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, mwanangu. Benchi lilikuwa limejaa.

"Mama, siku ile..."

"Najua ulimkata," akasema. "Nilikuwa naye kwa daktari. Daktari aliona kile kidonda, akauliza. Mzee akajibu ni mwiba wa shambani, na damu ilikauka papo hapo. Huku ananifinya mkono ninyamaze."

"Kwa nini?"

"Hata mimi nilimgombeza tulipotoka. Akasema, fundi ameniambia ni wembe tu, si damu yangu. Sasa nikatangaze nimekatwa, nimharibie mtu jina lake?"

Nilishika kiti kwa mikono miwili.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nataka kujua jambo moja, nikalale. Ilikuwa wembe kweli?"

Benchi zima likageuka kunitazama. Ningesema ndiyo, mama, angeshukuru akaenda zake, na jina langu lingebaki lilivyo.

"Haikuwa wembe," nikasema. "Niliona haigandi. Nilijua."

Nilimwomba Mungu mama yule anitukane, anitemee mate, alie. Akajifunika leso vizuri kichwani.

"Alikuamini," akasema, akashuka ngazi pole pole.