Sare ya Upande wa Bibi Harusi

Wapo hapa Rinkeby, pembeni mwa Stockholm, wanaosema yule mama Mnaijeria aligawa vitambaa ili jina lake livume. Waseme. Mimi nilimshonea miaka mingi, jioni nikitoka kazini kwenye nyumba ya wazee, namjua. Alianza nchi hii kwa kusafisha ofisi, akauza lesi za sandukuni sebuleni kwake Rissne, mpaka akafungua duka la vitambaa Rinkeby na jingine Södertälje. Faida ya lile la pili hakuila: ilisomesha watoto wa watu na kupika chakula cha Jumapili kwa yeyote mwenye njaa. Ukimshukuru, anakasirika.

Dukani alimwajiri binti wa Kirundi aliyekulia kambini Tanzania, akaletwa Sweden peke yake, hana mama wala shangazi. Kijana wa Kikenya akamposa. Harusi ilipokaribia, shangazi yake bwana harusi alisema kwenye kahawa baada ya ibada, binti akisikia, "Tuwachanganye watu kwenye viti. Upande wa bibi harusi ukikaa mtupu tutaaibika."

Mimi Mkenya mwenzake, na niliona haya. Kesho yake binti alikuja dukani macho yamevimba. "Mama, kanisa niliache tu. Twende stadshuset, ukumbi wa jiji, watufungishe ndoa haraka, yaishe."

"Stadshuset ni pazuri kwa anayepataka," mama akamjibu. "Wewe unakimbia. Mtu wa duka langu hakimbii."

Akapanda ngazi, akashusha majora ya lesi ya rangi ya machungwa, ile ya bei mbaya aliyowawekea wateja wa Krismasi. Kwetu Kenya sare ya harusi ni pambo, ukishapiga picha imekwisha. Kwao Nigeria ni nguo ya ukoo: ukiivaa umekuwa ndugu, na ndugu ana kazi zake. Kwa hiyo hakumkatia mtu kitambaa kabla ya kumhoji. "Binti akijifungua utakwenda kumkanda? Wakigombana na mumewe, utapokea simu?" Aliyesitasita aliondoka mikono mitupu. Walioitikia walikuwa Warundi, Wakongo, mama wa Kisomali wa duka la pili, hata bibi wa Kiswidi aliyekaa ghorofa moja na binti. Nikashona mpaka vidole vikavimba.

Halafu akaja shangazi mwenyewe, mkoba wazi. "Nipimie na mimi. Nasikia kila mtu anashona."

"Hiki hakiuzwi."

"Basi nipe."

"Ni cha upande wa bibi harusi. Wewe una upande wako."

Alitoka bila kuaga. Nilicheka, na sijutii.

Siku ya harusi viti vya kushoto vilijaa mpaka wengine wakasimama ukutani, vilemba vimepanda. Mchungaji, kwa mazoea tu, akauliza, "Nani anamleta binti huyu?" Tukainuka wote. "Sisi!" Kila mtu kwa lugha yake, na yule bibi wa Kiswidi kwa sauti kubwa kuliko wote. Ng'ambo ya pili shangazi alikuwa akitazama viatu vyake.

Binti akageuka, akatutazama safu kwa safu, bila haraka, mchungaji akisubiri. Kisha akamgeukia tena.

"Umewasikia, Mchungaji," akasema. "Nina watu."