Zamu ya Mkurugenzi

Mtu mzima akidharauliwa mbele ya mkewe hasahau, na Mzee Bomba hakusahau hata siku moja.

Manispaa ile ilikuwa ikila kodi ya kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipofungwa ghafla, hazina ikakauka. Taa za barabarani zikazimwa, wafagiaji wakaambiwa wakapumzike makwao. Gari la mkurugenzi je? Thubutu! Hilo halikuguswa. Lililopelekwa mnadani ni gari la kunyonya vyoo, na dereva wake, Mzee Bomba, akaachishwa kazi pamoja na msaidizi wake.

Siku mkurugenzi alipokuja karakanani kuwatangazia, mkewe Mzee Bomba alikuwa amemletea mumewe chakula. Akasimama na bakuli lake, akasikia yote.

"Mheshimiwa, vyoo vya mji mzima nani atavinyonya?" Mzee Bomba aliuliza.

"Kushika bomba la kinyesi hata mtoto anaweza," mkurugenzi akajibu, macho kwenye simu. "Vumilieni. Hali ni ngumu kwa wote."

Mama wa watu alilia njia nzima. Mzee Bomba hakulia, aliapa. Siku ya mnada akatoa kiinua mgongo chake, mkewe akauza hereni zake, wakalinunua gari lile lile. Nani mwingine angegombea uvundo? Mume akashika usukani, mke akavaa glavu akashika bomba.

Mvua zikaja, mashimo ya vyoo yakajaa, kila mtu akawatafuta. Zamani Mzee Bomba alianzia kilimani, kwa wakubwa. Safari hii alianzia bondeni, nyumba kwa nyumba, bila haraka. Akipita chini ya kilima alivuta hewa, akacheka peke yake.

"Bado kidogo," alimwambia mkewe.

"Aliye juu mngoje chini," mkewe akajibu.

Hatimaye mkurugenzi akashuka mwenyewe, suti mwilini, leso puani. Choo kimefurika hadi sebuleni, na wakwe zake wako njiani.

"Tutakuja, mheshimiwa," Mzee Bomba akasema kwa adabu zote. "Tatizo msaidizi wangu mlimpunguza. Na mama leo amechoka."

"Sasa nani atashika bomba?"

Walipofika kilimani, majirani walikuwa wamejaa getini. Mkewe Mzee Bomba akavua glavu taratibu, akamkabidhi mkurugenzi kwa mikono miwili.

"Shika vizuri, baba," akamwambia. "Hata mtoto anaweza."

Mkurugenzi akatazama barabara watakayojia wakwe, kisha akavua koti.