Mke wangu kaandika hadithi ya mlango ndani ya shimo la ngolo, watoto wakaenda kuutafuta shambani kwa mama mkwe

Habari za humu ndani wakuu, poleni na majukumu.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwenye jukwaa hili la vitabu kwa muda mrefu, leo na mimi niweke langu. Ni kweli tupu. Mke wangu naye yumo humu, nikiongeza chumvi atanirekebisha hadharani na mtanicheka.

Niko Mkumbi, Mbinga. Kwetu ni Kihagara, kule chini ziwani, huku milimani nimeletwa na ndoa. Baridi ya huku sijaizoea mpaka leo, ila mke nimepata kwelikweli.

Mke wangu Blandina ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana tabia ya kuwasimulia watoto mambo anayoyatunga mwenyewe, na safari hii akaamua kuandika. Sio hadithi moja, ni mfululizo wa vitabu, vyote vya mtoto mmoja anaitwa Sela.

Cha kwanza kilipokamilika akaniambia atatoa hicho peke yake, watu waisome hadithi. Wakiipenda anaendelea na vingine. Wasipoipenda anafunga, anarudi kusahihisha madaftari.

Nikajua hatanii. Huyu akisema nafunga, anafunga.

Kwa msiojua, huku Umatengo tunalima ngolo. Mteremko mzima wa mlima unachimbwa mashimo yaliyopangana, na maharage yanapandwa juu ya matuta yanayoyazunguka. Basi Sela yuko shambani na mama yake, na hadithi inaanza hivi:

"Shimo la mwisho la shamba lile halikuwahi kukauka, hata kiangazi, na mama alishaacha kuuliza kwa nini."

Wakuu, niliposoma mstari ule nikaweka kikombe cha chai chini.

Sela anateleza, anazama kwenye lile shimo, anakuja kutokea nchi iliyo chini ya Ziwa Nyasa. Huko samaki ndio wenye nyumba na watu ndio wanaovuliwa. Nikajiuliza, hivi mimi naishi na huyu mwanamke miaka yote hii, tunagombana kuhusu mkaa na ada, kumbe haya yote yamo kichwani mwake?

Tukaprinti nakala pale mjini Mbinga, tukagawa. Maoni yakaanza kuja.

Kaka yangu wa Kihagara aliwasomea wanawe, akanitumia voice note ndefu. Watoto wa ziwani walilalamika milima imezidi, Sela anachelewa mno kufika majini. Halafu yule samaki, mbasa, anayempokea Sela kule chini wakamkataa kabisa. Samaki wa Nyasa anaongeaje Kiswahili cha darasani? Aongee Kinyasa. Lakini kaka akamalizia kwamba asubuhi yake aliwakuta ufukweni wameinama, wanatafuta mapaa ya nyumba chini ya maji.

Katekista wetu alihofia ni mambo ya mizimu, akaomba aikague. Alikaa nayo weee. Alipoirudisha akasema hajaona ubaya, ila angependa kujua kama huko chini kuna Jumapili.

Mwalimu mmoja alisema watoto wa wakulima wafundishwe mambo ya kweli, ndoto hazijazi ghala. Sikumjibu, ni mkubwa kwangu.

Sasa wanafunzi wa mke wangu wenyewe. Wale waliipenda mpaka ikawa balaa.

Shamba lililo jirani na shule ni la mama mkwe wangu. Maharage yalikuwa yametoa maua, unapita unasimama kuyaangalia. Siku moja walipotoka shule, darasa zima likaenda kulitafuta shimo la mwisho. Shida ni kwamba hakuna aliyejua la mwisho ni lipi, kwa hiyo wakaanza kuingia moja baada ya jingine. Matuta yakabomoka, maharage yakalala.

Mama mkwe alikuja nyumbani na mche wa maharage mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Akauweka mche mezani, akauliza nani kawaambia watoto shambani kwake kuna mlango.

Mke wangu akasema ni mimi, mama. Mama akageuka, akaondoka.

Wakuu, mke wangu hakulia, na kwangu heri angelia. Alikusanya nakala zote mle ndani, akazifunga kwenye kiroba, akazitupia darini. Kesho yake wanafunzi wakamuuliza habari za Sela. Akawaambia imeishia pale.

Imeishaje wakati mtoto bado yuko chini? Iliniuma kama kitabu ni changu.

Jumamosi nikachukua jembe nikaenda kutengeneza yale matuta. Mtu wa ziwani na ngolo wapi na wapi, lakini nilikwenda. Mama mkwe akanikuta nahangaika, akaniangalia weee, mwisho akacheka. Akaninyang'anya jembe, akaniambia kaa hapo, Baba Neema, utanibomolea na yaliyopona.

Nikakaa. Akaendelea kurudishia udongo, kisha akauliza hicho kilichowatia watoto wazimu kinasemaje hasa. Nakala moja ilikuwa mfukoni mwa koti, ile sikukubali iende darini. Nikamsomea yote, yeye akilima.

Nilipomaliza alikuwa amesimama, jembe limeegemea bega.

"Na mama yake?" akauliza.

Nikasema mama yake nani.

"Huyo Sela. Mtoto kazama, mama yuko pale shambani. Mmemwacha hapo?"

Nikarudisha kurasa. Kweli wakuu. Baada ya Sela kuteleza, mama hatajwi tena. Kaka, katekista, yule mwalimu, mimi mwenyewe, wote tulikimbilia ziwani na mtoto. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Mama mkwe akanionyesha barabara kule bondeni. Akasema Blandina alipopelekwa kusoma Songea, bado kadogo, yeye alikuwa akija kusimama pale pale shambani kila jioni, maana gari la Songea linaonekana. Alijua likizo bado. Alikuwa akija tu.

"Mwambie aandike," akasema. "Mimi siwezi kulala, mtoto yuko chini na mama yake hajui."

Nilimfikishia mke wangu maneno yale kama yalivyo. Machozi yakamtoka, mwishowe. Kisha akasema hakujua kabisa habari ya mama yake kusimama kuangalia barabara. Akaniambia nipande darini.

Kitabu cha pili sasa kinaandikwa, na hakianzi na Sela. Kinaanza na mama, ukingoni mwa shimo, anaita.

Na mama mkwe ameacha shimo moja pembeni kabisa ya shamba bila kupanda chochote kuzunguka. Amewaambia watoto hilo ni lenu, mengine nikimwona mtu nitamchapa. Jumapili nikipita kutoka kanisani nilimkuta yeye mwenyewe ameinama pale, anachungulia ndani. Aliponiona akajifanya anang'oa majani.

Nilichojifunza ni kwamba ukitoa kazi yako, sikiliza wote, hata yule anayekuja na mche wa maharage mkononi. Anaweza kuwa ndiye pekee aliyeona mtu uliyemsahau.

Sasa nileteeni maoni yenu, hasa wenye watoto, maana nyumbani tumegawanyika. Mama abaki juu amngoje Sela, au ashuke kumfuata?

Mke wangu anataka abaki. Mama mkwe anasema ashuke, tena na jembe lake abebe.