Mbeti Bila Bendi

Kwa miaka saba Mbeti alikuwa sauti ya bendi ya watu wanne. Walifanyia mazoezi katika mtaa wa Pipeline, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na ilibidi wasubiri mafundi wazime mashine ndipo wasikizane. Njogu alipiga gita, Dedan besi, Kivuva ngoma. Mbeti ndiye aliyesimama mbele, hata watu wa Embakasi wakazoea kuiita bendi "ile ya Mbeti". Dedan alilicheka jina hilo, lakini lilimchoma.

Mwaka jana mwenye studio mmoja alimwita Mbeti kando, akamwambia anamtaka yeye peke yake. Akakubali kabla ya kuwaambia wenzake. Aliendelea kwenda mazoezini na siri tumboni, na siku alipoitoa, Dedan alichomoa waya wa besi akauzungusha mkononi polepole.

"Kwa hivyo sisi tulikuwa ngazi tu?"

"Si hivyo, Dedan."

"Ni vipi basi?"

Mbeti akachukua mkoba wake. Kivuva aliendelea kukaza ngoma iliyokuwa imekazika tayari. Ni Njogu aliyemsindikiza hadi barabarani.

"Chukua nyimbo zote," alimwambia. "Ule wa mama tu, uniachie."

Ulikuwa wimbo walioutunga wawili hao juma alilozikwa mamake Njogu. Mbeti akaapa kwamba hatauimba.

Onyesho lake la kwanza lilikuwa katika ukumbi wa mtaa, Jumamosi alasiri. Alijipigia gita mwenyewe, vidole vizito. Kila mara alijikuta amenyamaza pale Kivuva alipozoea kumwitikia kwa ngoma, na watu wakadhani amesahau maneno. Wakaanza kutazama simu zao. Ndipo mwanamke mmoja akapaza sauti, "Tuimbie ule wa mama!" Ukumbi mzima ukamuunga mkono.

Mbeti alitazama mlango. Kisha akaimba.

Walisimama, wengine wakalia. Alipokuwa akiimba hofu yote ilimtoka, na hilo ndilo lililomtesa baadaye: kwamba ilikuwa tamu.

Video iliyorekodiwa ukumbini ilimfikia Njogu upesi. Akawa hapokei simu. Mbeti alimfuata nyumbani Mukuru kwa Reuben, akamkuta mkewe, Wacera, akianika nguo.

"Yuko kiwandani."

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha."

"Nitamwambia." Wacera alikung'uta shati, akalitundika. "Hakukukataza kwa wivu, Mbeti. Shamba alikozikwa mamake ndugu zake waliliuza. Hana kaburi la kwenda. Wimbo ule ndio aliokuwa nao, na sasa watoto wa hapa nje wanauimba kwa mzaha."

Mbeti hakuurudia tena. Akiombwa hukataa, na wako wanaoondoka. Mwenye studio amemwambia waziwazi kwamba anajiharibia. Dedan na Kivuva wamepata mwimbaji mwingine, binti wa mtaa wa Umoja. Mbeti alienda kumsikiliza, akarudi nyumbani bila kula, kwa maana binti yule anaimba vizuri. Mbeti mwenyewe ametunga nyimbo nne mpya na kuzitupa mbili.

Mwezi uliopita alikutana na Njogu karibu na lango la kiwanda.

"Niaje, Mbeti. Mamako hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie sana."

Akavuka barabara na wenzake wa zamu. Mbeti alitaka kumwita, ila hakujua angesema nini baada ya jina.