Mwantumu Mziba Vyombo na Gari la Shaba

Nyamisati nzima ilijua jambo moja juu ya Mwantumu binti Salumu: chombo kikishapita mkononi mwake hakivuji. Mdila wa kahawa uliotoboka kitako, sinia lililopasuka ukingo, mrashi uliovunjika katikati ya harusi, vyote vilipelekwa uani kwake, alipokuwa na fuawe dogo la kugongea shaba na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto. Baba yake alikuwa fundi shaba asiyejaliwa mtoto wa kiume. Macho yalipomwishia nuru alimkabidhi binti yake koleo na nyundo, akamwambia, "Wenye maneno wakija, waulize midila yao nani ataiziba."

Wenye maneno walikuja, tena wengi. Wakaondoka na midila yao imezibwa.

Na alikuwa na desturi yake. Mwenye chombo akija kukichukua, Mwantumu humwaga majivu makavu chini, akayasawazisha kwa kiganja, akajaza chombo maji na kukiweka juu yake. "Kaa kwanza, unywe kahawa," humwambia. Mtu atakunywa, watazungumza ya huku na ya kule, kisha chombo kitainuliwa. Tone moja likionekana kwenye majivu, kazi ni bure. Kwa miaka kumi na mitatu tone halikuonekana.

Mumewe, Abdulkarimu, hakuwa fundi. Nyumbani alivukuta moto, na siku nyingine alitembea vijijini na gunia begani akikusanya vyombo vibovu. Kiunoni alining'iniza kibuyu cha maji ya ndimu yaliyotiwa chumvi, maana mtu akiona sinia lake lililofubaa likisuguliwa pembeni kidogo tu na kung'aa mbele ya macho yake, huingia ndani akatoa na vile alivyovificha uvunguni. Kibuyu hicho ndicho kilichomponza.

Ulikuwa mwaka ule Wamatumbi walipong'oa pamba ya serikali, vita vikashuka kutoka vilimani mpaka bonde la Rufiji. Watu walikuwa wakipewa maji ya dawa ili risasi za Mdachi zisiwadhuru, na maji hayo yalibebwa vibuyuni. Kwa hiyo askari waliopiga kambi Kibiti hawakuwa wakimuuliza mpita njia jina lake. Walimtazama kiuno.

Habari ililetwa siku ya Jumapili na Khamisi, muuza chumvi.

"Binti Salumu, mumeo nimemwona Kibiti, yumo kwenye mnyororo. Wanasema kakutwa na maji."

"Maji gani? Ile ndimu!"

"Mie najua ni ndimu. Kawaambie wao. Alhamisi wanavushwa mto."

Waliovushwa mto kwenda kuhukumiwa mwezi ule, Nyamisati haikumwona hata mmoja akirudi.

Mama mkwe wake, Bi Tabu, alimkuta akifunga mzigo. "Unakwenda Kibiti kufanya nini, mwanangu? Kulia?"

"Kulia ningelia hapa hapa, mama. Nipatie hiyo mivukuto."

Akabeba mivukuto, koleo, nyundo, lehemu, kikapu cha makaa ya mkoko na mfuko wa vipande vya shaba kuukuu. Binti yake Zena akamwacha kwa bibi yake. Jumanne asubuhi alikuwa amesimama mbele ya kambi ya Kibiti, vumbi mpaka magotini.

Aliyempokea alikuwa mkalimani, Tamimu, mtu wa Bagamoyo mwenye kofia safi na ulimi usiotulia. "Bibi, huku kuna vita. Sufuria zinauzwa kule barabarani."

"Sikuja kuuza. Nimemfuata mume wangu. Ana kibuyu cha ndimu, nanyi mmesema ni dawa ya vita. Onjeni!"

Tamimu alicheka. "Tulimwambia Shaushi aonje. Akasema yeye ana watoto wanne."

Shaushi, mkubwa wa askari, jitu la makovu mashavuni, alikuwa amesimama karibu, rungu mkononi, wala hakucheka. Ndani ya boma la miiba Mwantumu aliwaona wafungwa kumi na wawili wameketi chini, chuma shingoni, na wa nne alikuwa Abdulkarimu. Aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemsalimu jirani ng'ambo ya ua.

"Basi nipeni chombo chochote cha shaba," alisema Mwantumu. "Kibovu kabisa. Mtajua wenyewe kama sisi ni mafundi ama ni watu wa vita."

Maneno yakapelekwa hemani kwa mkubwa wao, Mdachi mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Naye akatoka na kisanduku. Alikifungua kama mtu anayefunua kitoto kilicholala.

Kilikuwa kigari cha shaba, urefu wa mkono kutoka kiwikoni mpaka vidoleni. Kilikuwa na pipa la kulala, magurudumu sita, na ubavuni kibomba chembamba chenye kijiti cha kuingia na kutoka. Lakini kilikuwa na hali mbaya! Pipa limebonyea na kupasuka, dohani ya kutolea moshi imekatika, taa yake ya kuchemshia maji imepotea, shaba nzima imeota kijani.

Tamimu akatafsiri. "Bwana anasema hii ni sura ya gari la moshi, kama yale ya reli inayotandikwa kule Dar es Salaam. Yeye alikuja kwa kazi ya reli, vita vikamkuta. Alilitengeneza na marehemu baba yake. Wapagazi wamelidondosha mtoni. Linakunywa maji, linakula moto, linakwenda."

"Linakwenda wapi?"

"Linakwenda tu, bibi. Na anasema kung'arisha si hoja, hata mpishi wake anang'arisha. Likitembea, ninyi ni mafundi, na mumeo utamchukua. Lisipotembea, Alhamisi ni pale pale."

Mwantumu alikuwa hajapata kuona gari la moshi, wala hakuwa na wa kumuuliza linavyokuwa. Aliligeuza, akalinusa, akalitikisa karibu na sikio. Kisha akakaa chini akakoka moto.

Kwanza aliomba kibuyu cha mumewe. Shaushi akakileta amekinyoosha mbali na mwili wake. Mwantumu akamimina, akasugua kwa majani na majivu, na ile kijani ikatoka, shaba ikajitokeza njano kama kiini cha yai. Askari wawili wakasogea. Shaushi akajifanya anatazama barabara.

Halafu akanyoosha pipa kutoka ndani, kwa mti wa mkoko aliouchonga ncha ya duara, akigonga taratibu mpaka lile bonyeo likarudi. Akakata bua la mpapai, akalichomeka kwenye mdomo wa pipa, akalizamisha gari lote kwenye ndoo na kupuliza. Hivi ndivyo alivyotafuta matundu ya midila: panapovuja patatoa mapovu. Mapovu yalitoka mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye ule ufa. Pa pili ni kitundu kidogo kama cha sindano, chini kabisa pale dohani ilipokatika; kila alipokisukuma kile kijiti cha kibomba, kitundu kilitema povu.

Akavitia lehemu vyote viwili. Akazamisha tena, akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Hakuna povu. Akatabasamu.

Kazi iliyobaki aliifanya Jumatano. Kijiti cha kibomba kilikuwa kimelegea. Akakizungushia uzi uliolowa nta ya nyuki. Badala ya taa akatengeneza kisinia cha kuwekea vipande vya makaa ya mkoko, maana makaa yale hushika moto mkali kuliko yote. Na dohani aliitoa mfukoni mwake: shingo ya mrashi wa zamani, iliyonyunyizia marashi harusi zote za Nyamisati kabla haijavunjika. Ikakaa pale utadhani imezaliwa napo.

Alasiri Bwana Miwani akatoka. Maji yakatiwa, makaa yakawekwa, kambi nzima ikazunguka. Pipa likaanza kuimba. Gurudumu likatikisika, likazunguka nusu, likasimama.

Likasimama pale pale, linatetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa. Pipa likaanza kunguruma vibaya. Mwantumu alikitoa kile kisinia cha makaa kwa vidole vyake mwenyewe, vikaungua, kabla lehemu haijaachia.

Bwana Miwani akavua miwani yake, akaifuta, akasema maneno machache.

"Anasema umejitahidi," alisema Tamimu, na mara hii hakuongeza mzaha.

Alhamisi alfajiri, baada ya sala, wafungwa walikuwa wanapewa maji ya safari. Mwantumu akamwendea Shaushi. "Mpaka jua lifike juu ya ule mnazi. Nipe na mume wangu anivukutie, moto wa peke yangu haunitoshi."

Shaushi akalitazama jua, kisha ule mnazi. Sijui alikumbuka wale watoto wake wanne ama la. Akamfungua Abdulkarimu kwenye mnyororo mkubwa, akamwachia kipande chake kinaning'inia shingoni, akamsukuma mbele.

"Mama Zena," alisema Abdulkarimu akichuchumaa, "unanitoa kwenye mapumziko unanileta kazini."

"Vukuta, Baba Zena. Ucheke baadaye."

Akavukuta, mnyororo unalia kwa kila pigo. Inua huu, shusha huu. Mara mfuko wa kushoto ukakataa. Umejaa hewa, umevimba kama kitumbua, na yeye kaulalia kwa uzito wake wote, haushuki.

"Unafanya nini?"

"Mie? Uulize mfuko wako. Umeshiba na hauna pa kutolea."

Mwantumu akainama. Bomba la udongo linalopeleka upepo motoni lilikuwa limeziba kwa kipande cha udongo kilichoporomoka. Akakichokoa kwa kijiti cha kuni. Mfuko ukatoa pumzi ndefu, ukashuka wenyewe.

Akabaki ameinama hivyo hivyo, kijiti mkononi.

"Una nini, mke wangu?"

"Baba Zena," alisema polepole, "kile kitundu cha chini ya dohani hakikuwa ubovu."

Ulikuwa mlango. Mvuke ulikuwa unaingia kwenye kibomba, unasukuma kijiti mara moja, kisha unatafuta pa kutokea, na pa kutokea yeye fundi amepaziba vizuri kabisa, kwa lehemu yake bora, kwa fahari yake ya miaka kumi na mitatu.

Akautia msumari mrefu motoni mpaka ukawa mwekundu.

"Unatoboa?" Abdulkarimu aliuliza.

"Natoboa."

"Wewe?"

"Mimi. Wewe vukuta."

Akaupitisha msumari ndani ya shingo ya mrashi, akabonyeza. Lehemu ikalainika, ikaachia. Akaomba bua la mpapai, akapuliza, na akaweka kiganja juu ya dohani: pumzi yake mwenyewe ikatoka pale juu, pf, pf, pf, kila kijiti kilipokwenda na kurudi.

Jua lilikuwa karibu kuugusa mnazi. Wafungwa wamekwisha simamishwa. Mwantumu akamwaga majivu chini, duara pana, akayasawazisha kwa kiganja kama alivyozoea uani kwake, akaliweka gari juu yake.

"Mwite bwana wako," alimwambia Tamimu. "Mwambie aje na miwani."

Pipa likaimba. Gurudumu likatikisika, likazunguka nusu, na safari hii likamaliza nusu ya pili. Pf. Tena. Pf, pf. Gari likaondoka! Likakata majivu, likapita mbele ya miguu ya Shaushi aliyeruka nyuma kama kaona nyoka, na askari wake wakaangua kicheko mbele yake. Likaendelea kuzunguka, pf-pf-pf-pf, na kutoka ile shingo ya mrashi, kwa joto la mvuke, ikatoka harufu. Kwanza hakuna aliyeamini. Marashi! Kambi ya vita, katikati ya Kibiti, ikanukia harusi. Mmoja wa wafungwa, mzee aliyesimama mwisho wa mnyororo, akapiga kigelegele kama mwanamke, na wenzake wakamwitikia.

Bwana Miwani alikuwa amepiga magoti kwenye majivu. Alisema neno moja, akalirudia.

"Anasema nini?" Mwantumu aliuliza.

"Anamwita baba yake," alisema Tamimu.

Chuma kilitolewa shingoni mwa Abdulkarimu kabla makaa hayajazimika. Wale kumi na mmoja walivushwa mto jioni ile, na Mwantumu hakuweza kuwafanyia lolote ila kuwauliza majina na vijiji, akayabeba kichwani na kuyafikisha kwa watu wao, moja baada ya jingine, mwaka ule wote. Hilo nalo lisisahauliwe.

"Bwana anauliza unataka ujira gani," alisema Tamimu.

"Kibuyu chetu. Na karatasi yenye muhuri iseme kilichomo ni ndimu."

Karatasi ikaandikwa. Shaushi mwenyewe akakileta kibuyu, na mara hii akakichomoa kizibo, akachovya kidole, akaonja. Uso ukamkunjamana mpaka makovu yakakutana.

"Ndimu," alisema.

Baada ya vita sifa za Mwantumu zilivuka Nyamisati. Alipelekewa saa za ukutani, cherehani, kinanda cha mkono kilichotoka Mafia, vitu asivyovijua jina. Alivitengeneza mpaka uzeeni, na kila kipya kilipowekwa mbele yake aliuliza swali moja kabla ya kugusa nyundo: "Hiki kinapumulia wapi?" Mwenye nacho asipojua, walikaa wakatafuta pamoja.

Lakini siku ile walikuwa bado njiani, wawili, jua linawapiga migongoni, Abdulkarimu kabeba mivukuto na kibuyu kiunoni. Kwa muda mrefu alikuwa akicheka peke yake.

"Kuna nini?"

"Niliyatazama yale majivu, Mama Zena. Gari lako limeacha matone duara zima. Kazi ya leo ni bure."

Mwantumu akatembea hatua tano, sita.

"Limevuja," alisema, "lakini pale nilipotaka mimi."